Usiku wa madijei wasio na jina: namna ya kuuandaa ukajaa

Mara ya kwanza nilipoandaa usiku wa aina hii nilikodi ukumbi wa watu 400. Walikuja 63, ukimhesabu na kijana wa jenereta. Madijei walipiga vizuri, mitambo ilikuwa safi, lakini watu walijibanza ukutani kama waliokuja kuhani msiba, kila mmoja akimtazama mwenzake aone nani ataanza kucheza. Mara ya pili nikachukua baa yenye ua wa nyuma unaotosha watu 120. Walikuja 90. Ilipofika saa 6 usiku palikuwa hapapitiki, na wiki nzima iliyofuata nikawa naulizwa lini tena. Tofauti ilikuwa watu 27 tu.

Ukimwita msanii ambaye nyimbo zake zinapigwa kwenye daladala, jina lake linakufichia mengi. Spika ikikoroma watu watavumilia, foleni ya getini wataisimamia, ukumbi ukiwa na joto watasema ndiyo raha yenyewe. Ukiita madijei wanne wanaojulikana mitaa ya Mburahati na Kigogo peke yake, au wanaofuatwa na marafiki zao tu mtandaoni, huna pa kujificha. Ile kazi ambayo jina lingeifanya inabidi uigawe: nyingine ifanywe na ukumbi, nyingine sabufa, nyingine yule DJ anayefungua saa 3 watu wakiwa kumi. Naandika kwa uzoefu wa Dar es Salaam, kwa hiyo ukiwa Mombasa au Kampala utabadilisha ofisi za kwenda na bei, mengine yatakufaa.

1. Chagua mlio kabla ya kuchagua watu

Usianze na orodha ya majina. Anza na swali: mtu akitoka pale saa 8 usiku, atasema alikwenda kusikiliza nini? "Muziki mchanganyiko" si jibu. Mchanganyiko anaupata bure kwenye baa ya mtaani kwake.

Dar tuna mlio wetu, na ni ajabu jinsi waandaaji wengi wanavyouruka kwenda kutafuta wa kuazima. Singeli ni muziki wa kielektroniki hasa: unatengenezwa kwenye kompyuta, vipande vya taarabu na mchiriku vinakatwa, vinazungushwa na kukimbizwa, mapigo yanaanzia kama 200 kwa dakika na kufika hata 300. Ulilelewa na vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, sio na kumbi za viyoyozi. Studio ya Sisso pale Mburahati ilikuwa chumba cha watu waliojulikana mtaani tu hadi mwaka 2017, lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa kazi zao. Mwaka uliofuata mtayarishaji Bamba Pana na MC Makaveli walikuwa wanazunguka majukwaa ya Ulaya. Baadaye wakafuata wengine, akiwemo DJ Travella mwaka 2022. Nakumbusha haya kwa sababu DJ unayemwona leo ni wa kupigia kigodoro huenda kesho usiweze kumlipa.

Kwa usiku mmoja, milio mitatu inatosha. Mimi hupenda hausi ya kufungulia, amapiano katikati na singeli mwishoni. Wewe unaweza kuweka gqom ya Durban au tekno. Ila chagua, na uwe unaweza kuusema usiku wako kwa sentensi moja.

2. Tafuta madijei kwa masikio

Idadi ya wafuasi haikuambii kitu. Niliwahi kumwita kijana mwenye wafuasi elfu arobaini, akaja na seti aliyoirekodi nyumbani, akabonyeza kitufe na kuinua mikono juu saa nzima. Ukumbi uligundua ndani ya dakika kumi. Watu si wajinga.

Ninachofanya ni hiki. Naomba seti ya dakika 30 aliyoipiga mfululizo bila kukata. Sisikilizi nyimbo alizochagua kwanza, nasikiliza viungo: anapotoka wimbo mmoja kwenda mwingine, mabesi yanagongana? Anasubiri mzunguko uishe au anavamia katikati ya ubeti? Kisha naenda kumwona akipiga kwa watu, hata kama ni kwenye harusi au kibanda cha chipsi. Ninachotazama pale ni macho yake. Anayeinua kichwa kutazama watu, halafu akabadilisha alichokuwa amepanga, huyo mchukue. Anayekodolea kioo cha kompyuta muda wote, mwache kwanza.

Na watafute madijei wa kike kwa makusudi, sio kwa ajili ya picha ya bango. DJ Rachael wa Uganda alianza kupiga miaka ya 1990, wakati ambapo watu walidhani mwanamke kwenye mitambo kapotea njia ya jikoni, kwa hiyo hadithi ya "hawapo" imechakaa. Wapo, isipokuwa wengi hawaitwi usiku kwa kuwa mwandaaji hajafikiria wataondokaje saa 9. Hilo tutalirudia kwenye pesa.

Wanne wanatosha. Ukiweka wanane kila mmoja atapata kama dakika 37, atataka kuonyesha kila anachokijua ndani ya dakika hizo, na usiku mzima utakuwa kelele za watu wanaoshindana.

3. Kubaliana kwa maandishi, hata kama ni ndugu yako

Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi una vitu hivi: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza kupiga, kiasi cha pesa, kinalipwa lini, nani anamrudisha nyumbani, na vifaa gani anakuja navyo. Mwambie ajibu "nimekubali". Mimi huandika hivi:

"Habari kaka. Ijumaa ya tarehe 14, unapiga saa 5:45 hadi 6:45 usiku, amapiano. Malipo 60,000: nusu leo, nusu ukishuka tu kwenye mitambo. Nauli ya kurudi juu yangu. Njoo na flashi mbili na hedifoni zako. Ukumbini saa 11 jioni kujaribu mitambo. Nijibu kama tuko sawa."

DJ asiye na jina ameshazoea kuambiwa "njoo upige, utapata jina". Jina halilipi umeme wa LUKU. Kama huna pesa ya kuwalipa wanne, ita wawili na uwape muda mrefu zaidi.

4. Ukumbi: udogo ni faida

Gawanya matarajio yako kwa mbili, kisha tafuta sehemu inayojaa kwa idadi hiyo. Ukidhani watakuja 150, tafuta sehemu inayojaa kwa 75. Wakija 150 kweli, watasimama hadi nje na kesho yake itakuwa stori mjini. Wakija 75, umejaa.

Mambo ya kuangalia ukienda kuona sehemu, na uende usiku, usiende mchana:

- Dari na kuta. Chumba cha vigae na vioo kinarudisha sauti kali hadi maneno hayashikiki. Ua ulio wazi, au paa la makuti, unasamehe mengi.
- Umeme. Uliza jenereta iko wapi, inabeba nini, na nani ana ufunguo. Mwenye ufunguo akiwa amelala Kimara, huna jenereta.
- Njia ya kutokea. Mlango wa nyuma ukiwa na kufuli, kubaliana kwamba kufuli halitakuwepo usiku ule. Hili halina mjadala.
- Usafiri. Chagua karibu na barabara ambako bajaji zinakesha. Mtu anayejua hatakwama kurudi nyumbani ananunua na kinywaji cha pili.
- Meza. Mwenye baa atataka meza za chupa mbele kabisa ya DJ. Kataa kwa upole. Waliokaa hawachezi, na wakikaa mbele wanawazuia wanaotaka kucheza.

Makubaliano ninayopendelea na mwenye baa ni mepesi: mlango wangu, vinywaji vyako. Yeye anapata Ijumaa yenye watu, mimi napata kiingilio. Akikuomba na asilimia ya mlango, basi jenereta, usafi na walinzi viwe juu yake.

DJ mweke chini, usawa mmoja na watu, kwenye meza imara inayofika kiunoni. Jukwaa refu linafaa kwa mtu ambaye watu wamekuja kumtazama. Hawa hawajulikani, na watu wakikaa kutazama watasahau kucheza.

5. Hesabu ifunge kwa watu wachache

Chukua mfano wa ua wa watu 120, kiingilio 10,000. Mimi hupiga hesabu kana kwamba watalipa 70 tu, yaani 700,000. Mitambo pamoja na fundi wake 250,000. Madijei wanne kwa 60,000 ni 240,000, MC wa singeli 40,000. Mabaunsa wawili na dada wa mlangoni 80,000. Bango na bando la kutangazia 30,000. Usafiri wa kuwarudisha madijei 50,000. Jumla 690,000. Inabaki elfu kumi, chipsi kuku yako ya saa 9.

Bei za kwako zitakuwa nyingine, na ada za vibali sijaziweka kwa kuwa zinategemea eneo na ukubwa wa shughuli. Ziulize mapema uzipachike. Kikubwa ni kwamba hesabu ifunge kabla ukumbi haujajaa. Ikihitaji watu 120 kati ya 120 ndipo urudishe pesa, hiyo ni kamari.

Ile 50,000 ya usafiri usiiguse hata pesa ikikubana vipi. Hiyo ndiyo inayomwezesha dada anayepiga saa 6 usiku kukubali mwaliko wako mara ya pili.

6. Vibali na majirani

Anza wiki nne kabla. Nenda serikali ya mtaa, kisha kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ukaulize kinachotakiwa kwa shughuli yako. BASATA wanahusika na matukio ya sanaa, COSOTA na hakimiliki ya muziki, na polisi wajue. Kelele zina kanuni zake za mwaka 2015, na NEMC, baraza la mazingira, imewahi kufungia baa na kumbi kwa sababu hiyo. Uliza mwenye baa kama leseni yake inaruhusu muziki hadi saa ngapi, na umwombe akuonyeshe karatasi. Saa iliyoandikwa pale ndiyo mwisho wa usiku wako, hata kama watu wanapiga magoti.

Lakini karatasi zote hizo hazikusaidii kama jirani wa ukuta wa pili ana mtoto mchanga. Nenda mwenyewe, mchana, siku tatu kabla.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyie ndio wa ile kelele?"

"Bado mama, ni Ijumaa hii. Nimekuja kukuarifu. Tunamaliza saa 8 kamili. Namba yangu hii, mabesi yakizidi nipigie mimi, nitapunguza."

"Saa 8 ya kweli au saa 8 ya wanamuziki?"

Jibu saa 8 ya kweli, halafu umalize saa 8 ya kweli. Huyu mama aliwahi kunipigia mara moja, saa 7 usiku. Nilipunguza pale pale nikiwa naye kwenye simu, asikie mwenyewe. Tangu hapo hajapiga tena, na mwaka huu mwanawe alikuja kucheza.

7. Mitambo

Hapa ndipo pesa yako kubwa iende.

Sabufa. Watu wa mitambo wana tabia ya kuweka sabufa moja kushoto na nyingine kulia, ionekane pazuri kwenye picha. Kwenye sehemu ndogo ziweke mbili pamoja, zimegusana, chini sakafuni. Zikiwa pamoja zinasukumana na kuongeza nguvu, yaani desibeli 6 hivi juu ya sabufa moja. Zikitenganishwa, mawimbi yake hukutana na kufutana, ndiyo maana unakuta mtu aliyesimama hapa besi linamtikisa na aliye hatua mbili pembeni hasikii kitu. Spika za juu ziinue zipite vichwa vya watu na zielekee katikati ya wachezaji, migongo yake ikitazama nyumba za jirani.

Monita ya DJ. Hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. DJ akiwa mita 10 nyuma ya spika kubwa anasikia pigo likiwa limechelewa karibu sekunde 0.03, na pengine anasikia mwangwi wake kutoka ukutani badala yake. Kwa hausi ya taratibu atajikongoja. Kwa singeli ya mapigo 240, ambapo kila pigo ni robo sekunde, atakosea na watu watasema hajui. Weka spika moja ndogo karibu na sikio lake, na kitufe cha kuiongeza kiwe mkononi mwake.

Miksa. Ndiyo kifaa cha kuchanganyia nyimbo. Tafuta yenye chaneli nne, yaani njia nne za kuingizia sauti. Sababu si ufahari: DJ anayepiga anatumia chaneli mbili, anayefuata anachomeka vyake kwenye mbili zilizobaki huku muziki ukiendelea. Kwenye miksa ya chaneli mbili itabidi mtu achomoe nyaya, na ukimya wa sekunde ishirini saa 6 usiku unapeleka watu chooni na wengine nyumbani.

Uliza kila mmoja anapiga na nini. Madijei wa singeli niliowaita mimi karibu wote hutumia kompyuta na programu kama Virtual DJ. Wa hausi huja na flashi wakitegemea kukuta CDJ, zile mashine za madijei zinazosoma flashi. Wengine wana kontrola yao, kile kifaa cha vitufe cha kuendeshea programu ya kompyuta. Andika kwenye karatasi moja: nani, kifaa gani, waya gani, chaneli ipi, na umpe fundi.

Kwa wenye flashi, waambie waiandae kwa mfumo wa FAT32. CDJ nyingi za zamani hazisomi exFAT wala NTFS, na kioo kitaandika hakuna kitu wakati nyimbo elfu mbili zimo ndani. Waje na flashi mbili zenye nyimbo zile zile. Na faili ziwe za ubora, angalau MP3 ya kbps 320. Wimbo ulionyonywa kutoka kwenye video unasikika sawa kwenye simu, ila ukiuweka kwenye sabufa ya inchi 18 unasikia kama umefunikwa na blanketi.

Kwa wenye kompyuta: chaja, zima wifi, zima ujumbe wa kujitokeza, na usiruhusu kompyuta ijisasishe yenyewe. Nimeshaona programu ya Windows ikianza kujisasisha katikati ya seti. DJ alisimama pale akitazama asilimia zikipanda, na MC akaimba bila biti kwa dakika nne. Aliokoa usiku, Mungu ambariki.

Kwa huyo MC nunua au kodi maiki ya waya iliyo nzima, iwe na chaneli yake peke yake. Kwenye singeli MC ni nusu ya burudani. Maiki ikipiga yowe atakasirika yeye na watakasirika watu.

Umeme. Jumlisha wati zilizoandikwa nyuma ya kila kifaa, ongeza theluthi, ndipo uzungumzie jenereta. Jenereta ya kVA 10 inakupa kama kilowati 8, sio 10. Friji za baa na feni zisiwe kwenye laini moja na mitambo, kila friji ikiwaka utasikia spika zikipiga chafya. Miksa, kompyuta na CDJ zote zichukue umeme kwenye tundu moja, ndivyo unavyopunguza ule mlio wa kuunguruma. Na weka UPS ndogo, ile betri ya dharura, mezani kwa DJ. TANESCO wakikata, spika zitanyamaza hadi jenereta liwake, lakini vifaa vya DJ havitazimika, na sauti ikirudi wimbo unaendelea badala ya watu kusubiri kompyuta iwake. Jenereta likae nje kabisa, moshi wake unaua.

Kiwango cha sauti. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo kwa kumbi za muziki: wastani usiopita desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15. Programu ya simu haipimi kwa usahihi wa maabara lakini inakupa picha. Fundi apange kiwango saa 12 jioni, taa za miksa zikiwa kijani na njano, kisha afunge hapo. Madijei wana ugonjwa mmoja: kila anayepanda anaongeza kidogo kuliko aliyeshuka. Wa nne akifika taa zimekuwa nyekundu, sauti imepasuka, na hakuna anayejua ilianzia kwa nani. Mwambie fundi asiondoke mezani, na mnunulie soda.

8. Panga usiku kwa mapigo

Muda huu ni wa usiku unaoanza saa 3 na kuisha saa 8:

Saa 3 hadi 4:30, anayefungua. Hausi ya taratibu, mapigo 115 hadi 120. Huyu ndiye DJ muhimu kuliko wote, na ndiye waandaaji humpa yeyote aliyebaki. Kazi yake ni kuwafanya watu kumi wajisikie hawajakosea njia. Asiguse wimbo wowote mkubwa. Asicheze singeli hata moja, hata akiombwa na shangazi yako. Mlipe sawa na wengine.

Saa 4:30 hadi 5:45, wa pili anapandisha: hausi nzito au gqom, 120 na kitu. Dar watu huanza kufika kwa wingi saa 5, kwa hiyo huyu ndiye atakayewapokea.

Saa 5:45 hadi 6:45, amapiano, mapigo kama 112. Utaona kasi inashuka. Ndivyo inavyotakiwa. Watu wameloa jasho, wanahitaji muziki wa kuyumba na wa kwenda baa kununua maji. Mwenye baa atakupenda saa hii.

Saa 6:45 hadi 8, singeli na MC. Na hapa kuna hesabu ndogo ambayo kwangu ni raha ya usiku mzima: 112 mara mbili ni 224, na 224 ni singeli. Pigo moja la amapiano linabeba mawili ya singeli bila chochote kuvunjika. Kwa hiyo huhitaji kusimamisha muziki wala kumwambia MC apige kelele za kuziba pengo. DJ wa tatu anamalizia na wimbo wa 112 usio na maneno mengi. Wa nne anatayarisha singeli ya 224. Programu nyingi zitaisoma kama 112, asishtuke. Anaiingiza ikiwa imekatwa besi, zile ngoma za juu tu zinazokimbia. Watu wanaanza kusikia kitu kinawawasha miguuni bila kujua kinatoka wapi. Anahesabu mapigo 32 ya amapiano, kisha wanabadilishana: besi la amapiano linakatwa, la singeli linafunguliwa, MC anaingia. Sijawahi kuona ukumbi ukibaki umesimama hapo.

Wakutane saa 11 jioni wajaribu makutano hayo, mara mbili tatu. Ni dakika kumi tu.

9. Kutangaza

Bango liandike mlio, mahali, saa na kiingilio kwa herufi kubwa, majina yafuate kwa ukubwa mmoja. Ukikuza jina la mmoja asiyejulikana kuliko wenzake wasiojulikana nao, umenunua ugomvi bure.

Kinachouza ni sauti. Kata vipande vya sekunde 30 kutoka zile seti ulizotumiwa, kimoja kila siku kwenye status ya WhatsApp na Instagram, ukiandika tu jina na saa atakayopiga. Usiwalazimishe madijei wauze tiketi. Wape vipande na bango, wataweka wenyewe wakijisikia fahari. Na ukisema saa 3, muziki uanze saa 3.

10. Mlangoni

Lipa namba ibandikwe ukutani, lakini uwe na chenji ya noti ndogo kwa sababu mtandao huwa unachagua saa 5 usiku kulala. Kila DJ ana nafasi mbili za wageni, majina yameandikwa. Bila karatasi hiyo, kila mtu mlangoni ni binamu wa DJ. Chini ya miaka 18 hawaingii.

Mwanamke akaguliwe na mwanamke. Baunsa aambiwe kabla kwamba dada akilalamika kushikwa, anayetoka nje ni aliyeshika, hakuna mahojiano ya nusu saa. Weka pipa la maji ya kunywa ya bure. Mwenye baa atanung'unika, mkumbushe kwamba aliyezimia hanunui bia.

DJ akishuka, mpe pesa yake iliyobaki kabla hajakunja waya. Pale pale. Sio "njoo Jumatatu".

11. Kabla hujalala

Miksa nyingi zina tundu la kurekodia. Chomeka kifaa cha kurekodi saa 3 kasoro, hakikisha dakika zake zinasogea, na mpe mtu mmoja kazi ya kukitazama kila DJ akibadilika. Kesho yake kata rekodi, kila mmoja na seti yake, ipe jina lake, tarehe na mahali, uwatumie kabla ya saa 6 mchana. Kwa DJ asiye na jina rekodi ya ukumbi uliojaa ndiyo barua yake ya kuombea kazi inayofuata.

Usiku ule wa watu 90 tulisahau kubonyeza. Kilichopatikana ni dakika saba zilizorekodiwa na simu ya mhudumu wa baa, pale 112 ilipogeuka 224: besi limepasuka, chupa zinagongana, na sauti ya mtu anayeuliza "huyu nani huyu?" mara tatu. Yule DJ bado anaitumia.